Kamera Aliyokuwa Akiisalimia Tu

Ukielekea mpakani hapa Busia, kabla hujafika pale malori yanapoanza kujipanga, kuna duka la vifuniko vya simu. Vimetundikwa ukuta mzima, vya kila rangi, na kila baada ya muda vinashushwa vyote vinatupwa kwenye katoni, kwa sababu simu zilizokuwa zikivivaa zimepitwa na wakati. Mimi nikipita hapo hucheka peke yangu, hadi dada anayeuza ameanza kuniangalia kwa wasiwasi. Hajui kwamba kiti chake kiko mahali ambapo kwa miaka mingi alikaa mtu aliyekataa kubadilisha kitu.

Tulimwita Mzee wa Studio. Jina analo, na watu wake kule Bukhayo ni wengi, lakini mjini hakuna aliyelihitaji hilo jina. Ukisikia mtu anasema, "Nimetoka kwa Mzee," ulijua amepigwa picha, amechanwa nywele kwa kitana kilicholoweshwa maji, na ameambiwa jambo ambalo hakuliomba.

Mimi ni mchapaji. Nafanyia kazi sebuleni kwangu: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na safari zangu huishia Bumala. Nikifika pale kwenye njia panda nahisi nimeona dunia, nanunua ndizi, narudi nyumbani. Lakini programu ya mazishi bila picha ya marehemu ni karatasi ya nyimbo tu, na picha za watu wa huku zilikuwa kwake. Kwa hiyo nilikuwa naingia studio yake kila wakati na flashi yangu ya kubebea picha mfukoni, naye bila kuinua kichwa anasema, "Karani, leo nani ametuacha?"

Kwanza nikueleze koti. Lilikuwa koti la suti, jeusi, linaning'inia kwenye msumari pamoja na tai iliyofungwa tayari. Aliyekuja kupigwa picha ya paspoti bila koti alivalishwa lile. Kama ni mwembamba, Mzee alilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kama ni mnene, mgongo uliachwa wazi, kwa vile kamera haizunguki. Turnboi wa lori aliyetoka kufunga turubai akiwa na mafuta hadi viwikoni, akitoka humo alikuwa meneja. Nilisikia afisa mmoja wa dirishani pale mpakani alishika paspoti ya dereva, akaangalia picha, akamwambia, "Boss, wewe sijakuona. Lakini hili koti limevuka hapa mara nyingi kuliko mimi."

Watu walimwambia Mzee anunue koti jipya. Akawajibu, "Nani amenyimwa paspoti kwa ajili ya hili?"

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake. Ukimwambia habari ya kamera mpya, alikupa ile ya zamani mkononi, nzito, imechubuka rangi pembeni hadi bati lake linaonekana, na anakwambia, "Nionyeshe picha ambayo hii imekataa kupiga." Unasimama pale umeishika kama mtoto wa watu. Nilijaribu kumjibu mara nyingi. Nikamwambia picha ya ndege akiruka. Akauliza, "Ndege gani amekuja hapa kutaka kitambulisho?"

Wengi walidhani ni mtu asiyejua mambo ya kisasa, na hapo ndipo walipokosea. Alikuwa anayajua yote. Shida yake ilikuwa kwamba aliyapenda kupita kiasi, kama mtu aliyeacha pombe lakini bado anajua kila baa inafunguliwa saa ngapi. Upande wa pili, Uganda, kulikuwa na duka la vyombo vya umeme lenye kabati la kioo, na Jumamosi jioni Mzee alifunga studio, akapangusa viatu, akavuka kwa miguu. Mwenye duka alimjua. Alifungua kioo kabla hajaulizwa.

"Ssebo, leo unaichukua ama umekuja kuisalimia tu?"

"Kuisalimia tu."

Mzee anaitoa kamera mpya, anaipima uzito, anaiweka jichoni, anazungusha, anauliza maswali ambayo hata mwenye duka inabidi asome kijitabu. Kisha anaifuta alama za vidole vyake kwa leso na kuirudisha kwa upole. Nilimsindikiza siku moja, safari yangu ya kimataifa, nikamwona anavyoondoka bila kugeuka nyuma. Alikuwa anatembea haraka kama mtu aliyeona mbwa.

Mkewe, Mama Nafula, ndiye aliyekuwa na kijiko cha kukoroga mambo. Alileta chai studio kila siku, na Jumamosi akimwona anaingia nyumbani amechelewa alimsalimu mbele ya wageni, "Baba Nafula, mpango wako wa kando hajambo?"

"Hajambo. Ameongezwa skrini."

"Na bado hujamleta tumwone?"

"Huyo ni wa gharama, mama. Akija hapa, wewe utaanza kulala jikoni."

Mzee alikuwa na sababu ya kuogopa vitu vipya. Zamani, kabla sijaanza kufanya naye kazi, alinunua mtambo wa kuchapa picha papo hapo, mkubwa kama jiko la hoteli, ulioahidi kumaliza foleni zote. Ulifanya kazi vizuri kwa muda mfupi sana. Kisha wino wake ukaacha kuuzwa, kwa sababu kulikuwa kumeshatoka mtambo mwingine bora zaidi unaotumia wino mwingine. Mzee hakuutupa. Aliufunika kwa kitambaa, akauweka mbele ya shuka jeupe, na tangu siku hiyo ndio uliokuwa kiti cha wateja. Aliuita Mwalimu. "Karibu boss, kaa juu ya Mwalimu." Dereva wa kutoka Mombasa, ajenti wa forodha, mama wa Adungosi mwenye kuku kwenye kikapu, wote walipigwa picha wamekalia majuto ya Mzee, na hakuna aliyejua isipokuwa akiuliza kwa nini kiti kina waya wa umeme.

Na kompyuta yake. Ilikuwa ya zile zenye kisogo. Asubuhi aliiwasha, ikakohoa, ikafikiri, naye akatoka nje. Alikwenda kwa fundi viatu, kwa mama wa maharagwe, kwa vijana wa bodaboda, hadi kwa askari wa benki. Akirudi, kompyuta imeamka, na yeye ameshajua nani mgonjwa, nani amejifungua, nani amerudishwa kutoka Malaba na mzigo wake. Siku nilipoleta kompyuta yangu mpya ya kukunja kumwonyesha jinsi inavyowaka ukipepesa jicho, aliitazama kwa heshima kabisa. Halafu akaniuliza, "Sasa utasalimia watu saa ngapi?"

Mimi sisalimii watu. Ndiyo maana nakaa nyumbani.

Afadhali niseme hapa kuhusu kompyuta zangu, usije ukanidhania mtakatifu. Nimebadilisha nyingi, na kila moja ilikuja na ahadi kwamba nikiipata hiyo nitakuwa mtu wa kuamka mapema. Nilinunua yenye kioo kikubwa ili makosa ya tahajia yaonekane. Yakaonekana makubwa zaidi, basi. Nina droo ya chaja za vitu ambavyo havipo tena duniani. Mke wangu huzitumia nyaya zake kuanikia soksi wakati wa mvua, na mgeni akiuliza anamwambia, "Hizo ni digrii za mume wangu."

Tena kulikuwa na ile habari ya kovu, ambayo Mzee aliitumia kunipiga nayo kwa muda mrefu. Dereva mmoja mwenye kovu refu kutoka nyusi hadi shavuni aliona foleni studio ni ndefu, akaja kwangu, nikampiga picha kwa simu yangu mpya nikaichapa. Nilijisikia fundi. Simu ile ilikuwa na tabia ya kulainisha nyuso bila kuulizwa. Ikamlainisha dereva wa watu, ikamfuta kovu lote, ikampa na midomo ya waridi. Pale dirishani afisa aliangalia picha, akaangalia mtu, akaangalia picha tena, akasema, "Huyu ni ndugu yako mdogo?" Dereva alirudishwa, lori likatoka kwenye foleni. Akaja studio akiwa amefura, na kovu lake limefura naye. Mzee alimkalisha juu ya Mwalimu, akampiga picha yenye kovu kamili, bila haraka, akaniambia mimi niliyekuwa nimejibanza mlangoni, "Karani, mtu huyu alivuja damu kulipata hili kovu. Wewe umemnyang'anya bure."

Lakini nisimpambe sana. Alikuwa na mapungufu yake, na mengine yalichekesha. Kwa viatu alikuwa dhaifu kabisa. Huyo mtu wa koti moja hakuweza kupita soko la mitumba bila kurudi na pea, na Mama Nafula alivihesabu kwa sauti mbele ya padri. Pia alikuwa mwoga wa hospitali kuliko mtoto. Niliwahi kumwona na shavu lililovimba kama limebeba limau, akipiga picha za watu huku anawaambia, "Tabasamu," yeye mwenyewe hawezi kufungua mdomo. Jino lilikaa hadi likaamua lenyewe kutoka. Alisema daktari ni mtu wa kuheshimiwa kutoka mbali.

Yote hayo mawili, kamera yake na woga wake, yalikuja kukutana.

Ile kamera ya zamani ilikuwa imepoteza zamani uwezo wa kujiwekea picha wazi yenyewe. Kile kimota cha ndani kilikufa, na Mzee akaendelea kwa kuzungusha lenzi kwa vidole hadi uso uwe wazi kwenye kidirisha. Alijivunia hilo. "Hii inangoja jicho langu," alisema. Mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba jicho limeanza kuchelewa. Alinipa picha za harusi ya Adungosi nizipange kwenye kalenda ya familia. Nikafungua ya kwanza. Maua ya plastiki nyuma ya maharusi yalikuwa wazi hivi kwamba ungeweza kuhesabu vumbi. Bibi harusi alikuwa ukungu. Nikafungua nyingine, na nyingine. Chupa za soda zilionekana, kamba za hema zilionekana, nguzo ilionekana. Watu hawakuonekana.

Nilizichukua kwenye kompyuta yangu ya maajabu, nikazihangaikia hadi macho yangu yakauma. Ukungu hauondoki. Nikaenda studio.

"Mzee, hizi za harusi."

"Zina nini?"

"Hazijatulia."

Alitoa leso akafuta lenzi. "Ni moshi wa haya malori, Karani. Unaingia kila mahali."

"Harusi ilikuwa Adungosi. Malori gani Adungosi?"

Akaendelea kufuta. Alifuta hadi nikaona aibu nikaondoka.

Harusi hairudiwi. Mama ya bibi harusi alikuja, hakupiga kelele, alizichukua zile picha akaziweka kwenye mkoba kama mtu anayeficha kitu kilichovunjika cha jirani. Baada yake ikawa picha za paspoti zinarudishwa kutoka dirishani. Madereva wakaanza kupita studio moja kwa moja kwenda kwa vijana wa simu. Mzee alikuwa anakaa mlangoni na koti linaning'inia nyuma yake. Kazi ile ndiyo iliyokuwa maisha yake, hakuwa na nyingine, na sote tuliona inamtoka mkononi.

Nafula, binti yake anayefanya kazi Nakuru, alisikia. Akatuma kamera mpya. Ilikuwa ya aina ile ile ya kabati la kioo, ya kusalimiwa Jumamosi, sasa imekuja yenyewe kwenye boksi hadi mezani. Nakiri nilifurahi kwa ubaya. Nilisema, leo mzee huyu atanijibu. Nikamwambia, "Mzee, umeniuliza siku zote nikuonyeshe picha ambayo hiyo imekataa kupiga. Picha ndiyo hii. Ni uso wa mtu."

Alifungua boksi polepole, akaishika, na hakuwa na haja ya kuirudisha kwenye kioo cha mtu. Ile kamera ilikuwa inaweka kimraba cha kijani kwenye uso wa mtu, na ikishaweka, basi, umemaliza. Akampiga fundi viatu. Kila mstari wa fundi viatu ukaonekana. Tukashangilia hadi bodaboda wakaja kuangalia.

Foleni ikarudi. Juma lile Mzee alifanya kazi kama kijana, anaelekeza kamera, kimraba kinawaka, bonyeza, anayefuata. Maneno yalipungua, kitana kilikauka, lakini picha zilikuwa safi. Mimi nilikuwa nakuja kila siku kufurahia ushindi wangu.

Siku moja niko pale kwenye benchi, Mama Nafula akaja na chai. Studio ilikuwa imetulia. Akaweka birika chini, akanikonyeza, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akavaa lile koti, akakalia Mwalimu bila kusema neno. Alitaka mzaha. Mzee aligeuka kutoka kwenye kompyuta, akaona mtu amekaa, akainua kamera.

"Karibu mama. Inua kidevu kidogo."

Akainua. Kimraba cha kijani kikawaka.

"Hapo hapo." Akabonyeza. "Ni ya paspoti ama ni ya kazi?"

Mama Nafula alicheka. Kisha akaona kwamba Mzee anangoja jibu, kweli, na kichwa amekiinamisha kwa adabu kama anavyofanya kwa wageni. Kicheko kikakatika. Walikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono.

"Baba Nafula," akasema. "Ni mimi."

Nilitamani kuwa nyumbani kwangu, mahali ambapo huwa nataka kuwa, lakini siku hiyo zaidi. Mzee alisimama. Akageuza kamera, akaileta karibu sana na jicho moja, akaitazama picha ya mkewe ilivyo safi, ina kila kitu, hadi kile kipele kidogo cha kidevuni.

"Hii imekujua," alisema. "Mimi sikukujua."

"Ni koti tu, limekuchanganya," Mama Nafula akasema haraka.

"Hilo koti nalijua kuliko mtu yeyote." Akakaa kwenye benchi karibu nami. Akaanza kuirudisha kamera kwenye boksi, na kamba yake, na ile karatasi laini, kila kitu mahali pake. "Karani, nikikaa na hii, sitaenda hospitali kamwe. Unaelewa? Itanionea kila kitu. Nitapiga picha nzuri hadi siku nitakapokuwa natafuta mlango kwa mkono."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwambie Nafula airudishe dukani, anipeleke mimi kwa daktari." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mwambie kabla ya kesho, nisije nikabadilisha nia."

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulikwenda naye, binti, mkewe, na mimi niliyepita Bumala kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, nikashangaa kuona barabara inaendelea. Alivaa viatu vyake bora. Pale hospitali alimshika Mama Nafula mkono kuanzia getini, na daktari alipoingia, Mzee akamwuliza swali ambalo mimi na Nafula tulilazimika kutoka nje kulichekea.

"Daktari, hiyo mashine yenu, ni ya zamani ama mpya?"

"Mpya kabisa, mzee. Tumeipata juzi."

"Afadhali," akasema Mzee wa Studio.

Nilimpa nafasi apone, kisha nikaenda. Nilikuwa na shughuli yangu. Mtu anayechapa programu za mazishi anajua jinsi familia zinavyohangaika kutafuta picha, zikaishia kukata kichwa cha marehemu kutoka kwenye harusi ya mtu mwingine. Nilitaka yangu ikae tayari. Nilimkuta na miwani ya giza, koti liko kwenye msumari, kitana kiko kwenye kikombe cha maji. Alikuwa na ile kamera ya zamani shingoni.

"Karani. Kaa juu ya Mwalimu."

Nikavaa koti. Sasa halikuhitaji vibanio, lilikuwa linanibana lenyewe. Alinichana nywele zilizobaki. Akavua miwani, akaweka jicho kwenye kidirisha, akaanza kuzungusha lenzi taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akasimama. Akaishusha kamera akanitazama hivi hivi, bila kitu katikati, kwa muda mrefu hadi nikaanza kujikuna.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema.

"Mzee!"

"Hapana, nashangaa tu. Miaka yote hii nilikuwa naongea na kijana."

Nyuma ya pazia nilimsikia Mama Nafula anacheka. "Na mimi aliniambia hivyo hivyo, Karani. Asubuhi ile walipomfungua bandeji. Nusura nimrudishe."

"Mzee," nikamwambia, "ile kamera ya Nafula ilikuwa na kitu cha kulainisha uso. Ilisharudishwa dukani kweli?"

"Kaa wima."

"Ama tutumie simu yangu. Nina nyingine mpya."

"Karani. Kaa wima."

Nikakaa wima. Akabonyeza.

Ile picha ninayo. Baada ya hapo alifanya kazi miaka kadhaa, akaifunga studio akaenda kwake Bukhayo na Mwalimu kwenye mkokoteni, kwa sababu alisema hakuna kiti kingine anachokiamini. Picha nimeitundika juu ya kompyuta, ambayo, ndiyo, ni mpya. Ina mikunjo yangu yote, na mifuko ya chini ya macho, na koti limekaza tumboni kama linaniteka nyara. Siku ya kwanza mke wangu alisimama mbele yake na soksi mbichi mkononi, akaiangalia kwa muda.

"Huyu sasa," akasema, "ndiye ninayeishi naye."